Usukani kwenye kayaki ya baharini: kwa safari ndefu mi nasema uwepo

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja, na nimefurahi sana kuona manahodha wa ngalawa mmekaa hapa mbele, manake haya mambo ya upepo na usukani nyinyi mmeishi nayo toka zamani, kabla hata hizi kayaki hazijaanza kuonekana kwenye fukwe zetu. Nimeombwa niongelee swali moja ambalo watu wa kayaki wakikutana wawili tu lazima walibishanie: je usukani unasaidia kweli mtu akienda mbali, au ni kitu cha kumlemaza mpiga kafi asijifunze kazi? Jibu langu nalitoa sasa hivi. Kwa masafa marefu unasaidia, tena sana, ila sababu yake sio ile watu wengi wanayoifikiria. Usukani haukupi spidi. Kazi yake ni kuzuia nguvu yako isiende kwenye kitu kingine tofauti na kwenda mbele, na ukikaa kwenye maji masaa saba au nane hilo ndo linaloamua utafika na hali gani.

Tuanze na kinachotokea kwenye maji, coz bila hilo tutabaki tunabishana ushabiki. Kayaki ikiwa imesimama na upepo unaipiga ubavuni, mara nyingi inakaa tu hivohivo ubavu inasukumwa taratibu. Ukianza kupiga kafi mambo yanabadilika. Omo, yani ncha ya mbele ya chombo, inapasua maji mapya ambayo bado yametulia, na hayo maji yanaibana pande zote mbili, haisogei kirahisi kwenda kushoto wala kulia. Huku tezini, yani nyuma ya chombo, maji yameshavurugwa na chombo kilichopita, hayashiki. Sasa upepo unapiga chombo kizima, mbele kumeshikwa na nyuma hakujashikwa, kwa hiyo nyuma ndo inasukumwa, na nyuma ikisukumwa omo inageuka yenyewe inaangalia kule upepo unakotoka. Ukiongeza spidi inazidi. Na kayaki karibu zote zinafanya hivi, ya bei ghali na ya bei rahisi, nyingine kidogo nyingine mpaka unataka kulia.

Chukua njia ya hapa kwetu, Bagamoyo kwenda Unguja mjini, ni kilometa kama 40 na kitu ukinyoosha, na muelekeo wake ni kaskazini mashariki. Kusi likivuma linakuja kutoka kusini mashariki, yani linakupiga mbavu ya kulia karibu safari nzima (na naomba nieleweke, kuvuka pale kwenye kusi kali bila boti ya kukufuata simshauri mtu yeyote, natolea tu mfano). Kayaki itataka kugeuka kulia dakika zote. Mtu asiye na usukani anafanya nini? Anapiga kafi pana upande wa kulia ili omo irudi kushoto, na anailaza kayaki kidogo upande huohuo wa kulia kwa kukaza nyonga, manake kayaki ukiilaza upande mmoja inageukia upande wa pili. Huo ufundi ni mzuri, unafanya kazi, na mtu akiujua vizuri ukimuangalia akiwa majini unapenda mwenyewe.

Lakini hebu tupige hesabu. Tuseme unapiga kafi mara 60 kwa dakika ukihesabu kulia na kushoto, kasi ya kawaida tu ya mtu anayeenda mbali. Kwa saa ni 3,600. Ukienda kilometa 6 kwa saa mpaka Unguja ni masaa saba hivi, hapo umeshapiga 25,200. Tuseme pigo moja kati ya nane ni la kurudisha omo, sio la kwenda mbele: hayo ni mapigo 3,150, na yote ni ya mkono uleule wa kulia, bega lilelile, kifundo kilekile cha mkono. Na nyonga yako umeikaza upande mmoja masaa saba. Ukifika, kama unafika, mgongo umepinda na kesho yake kuna safari nyingine. Ushawahi kusukuma mkokoteni ambao tairi moja inavuta pembeni? Mzigo ni uleule na barabara ni ileile, ila kinachokumaliza ni kuurudisha mkokoteni njiani kila baada ya hatua mbili.

Najua mtu atasema sawa, lakini usukani nao unavuta maji, unaongeza ukinzani. Ni kweli, kila kitu unachokizamisha kinavuta maji. Ila tulinganishe na nini? Bapa la usukani likiwa limenyooka ni kitu kidogo sana ukiliweka pembeni ya kayaki nzima yenye urefu wa mita tano na nusu. Likikaa kwenye pembe ndogo, nyuzi chache tu, linavuta kidogo zaidi. Kinachovuta kweli ni mtu kukanyaga pedali, zile za miguuni zinazogeuza usukani, mpaka mwisho, kushoto kulia kushoto kulia, hapo usukani umeshakuwa breki, na watu wengi wanaosema usukani unapunguza spidi ukiwaangalia miguu yao ndo wanachofanya. Upande wa pili, pigo pana la kurudisha omo nalo lina gharama yake: linapita mbali na ubavu wa kayaki, sehemu kubwa ya nguvu yake inaishia kugeuza, na kabla hujalipiga kayaki ilikuwa imeshaenda upande kidogo, kwa hiyo chombo kinasukumwa kimekaa mshazari na njia yako inakuwa ya nyoka badala ya mstari. Hiyo gharama haionekani kwa macho, ndo maana watu wanaisahau.

Na kama kuna anayeona haya ni maneno ya wavivu, aangalie mashindano. Kwenye Olimpiki, kayaki ya mtu mmoja, K1, ina urefu wa mita 5.20 na uzito wa kilo 12, inapigwa kwenye maji yaliyotulia, njia imenyooka na imepangwa kwa maboya, mbio za mita 1,000 zinaisha ndani ya dakika tatu na nusu hivi, na watu wanapishana kwa sehemu ndogo kabisa ya sekunde. Ina usukani, chini ya tezi, unaongozwa na kijiti katikati ya miguu. Wale jamaa wangekuwa wanapata hata nywele moja ya faida kwa kuuondoa wangeshauondoa zamani sana. Wameuacha kwa sababu wanataka kila pigo liende mbele na lisiwe na kazi nyingine. Mitumbwi ya C1 ambayo mtu anapiga goti moja na kuvuta upande mmoja haina usukani, na pale unaona kabisa sehemu ya kila pigo inavyotumika kunyoosha chombo. Nendeni pia kwenye zile kayaki ndefu nyembamba za kukaa juu, wanaziita safuski, zinazokimbia kutoka Molokai kwenda Oahu kule Hawaii, kilometa kama 52 za bahari kubwa, mbio ambazo Oscar Chalupsky wa Afrika Kusini kazishinda mara 12. Zile zote zina usukani. Bila usukani hazipandi wimbi.

Sasa safari ndefu zenyewe. Mwaka 2009 mwanamama wa Kijerumani, Freya Hoffmeister, alizunguka bara lote la Australia kwa kayaki, siku 332, karibu kilometa 13,800. Kayaki aliyotumia ilikuwa Epic 18X, ndefu, nyembamba, chini imenyooka, na ina usukani. Kabla yake ni mtu mmoja tu alikuwa ameshazunguka, Paul Caffyn wa New Zealand, mwaka 1982, siku 360. Watu wanapenda kuchukua hizo siku 28 wakasema ona, vifaa vipya. Hapana jamani, tusidanganyane. Caffyn alifuata ufukwe wa Ghuba ya Carpentaria, Freya akaikata katikati, zaidi ya kilometa 500 za bahari wazi, siku nane akilala ndani ya kayaki yake, na hilo peke yake linabadilisha hesabu yote. Mi simtaji ili niseme usukani ndo ulimshindia. Namtaja kwa sababu huyu ni mtu ambaye aliishika kafi karibu mwaka mzima, anajua kuigeuza kayaki kwa mwili wake kuliko sisi wote hapa, ana mikono ya kumtosha, na bado wakati wa kuchagua alichagua chombo chenye usukani, na baadae akarudi tena baharini kuzunguka Amerika Kusini toka 2011 mpaka 2015. Mtu anayejua atalipia kila kosa kwa siku mia tatu habebi kitu cha mapambo.

Kuna upande wa pili nao niuheshimu, coz ni watu ninaojifunza kwao. Waingereza wana jadi yao, wengi hawataki usukani, wanatumia skegi. Skegi ni pezi linaloshuka kutoka kwenye kisanduku chini ya kayaki karibu na tezi, halizunguki, unalishusha kidogo au lote kwa kitufe pembeni mwa unapokaa. Ukilishusha, nyuma inaanza kushika maji, kwa hiyo upepo hauisukumi tena kirahisi na omo inaacha kuukimbilia upepo. Ukilishusha nusu, upepo wa ubavuni unatulia. Ukilishusha lote linafaa kwa upepo wa nyuma. Ukilizidisha kwenye upepo wa ubavuni, omo inaanza kuukimbia upepo, unarudisha kidogo. Ni kifaa kizuri mno, kina vitu vichache vya kuharibika, na kinakuachia miguu yako imekaza pale inapotakiwa kukaza. Na kuna kitu napenda kuwakumbusha wale wanaosema wazee wa zamani wa Greenland hawakuhitaji chochote: wawindaji wa huko walipoanza kutumia bunduki baadhi yao walifunga nyuma ya kayaki kipezi cha kufunga na kutoa, manake ukiweka kafi chini ili ulenge, chombo lazima kiendelee kunyooka chenyewe. Wale walikuwa mabingwa wa dunia na kazi ilipodai wakaongeza pezi.

Kwa hiyo mtu akiniambia nina skegi nzuri, siendi kumuuzia usukani. Nitamwambia tu skegi inakupa mpangilio mmoja na bahari ya safari ndefu haikai kwenye mpangilio mmoja: pepo zinaongezeka mchana, mkondo unageuka maji yakianza kupwa, ukipita nyuma ya kisiwa upepo unakatika halafu unakuja wa pembe nyingine, na kila mara mkono lazima uachie kafi kwenda kurekebisha. Usukani unarekebisha kwa vidole vya mguu huku kafi inaendelea.

Hapa kwenye miguu naomba mnisikilize kwa makini manake ndo panapoharibu usukani mwingi, na ndo panapofanya mafundi wazuri wauchukie. Nguvu ya kupiga kafi haitoki kwenye mikono, inatoka kwenye miguu, kiuno na mgongo: ukivuta upande wa kulia, mguu wa kulia unasukuma, nyonga inazunguka, kiwiliwili kinafuata. Lazima mguu uwe na kitu kigumu cha kusukuma. Sasa kayaki nyingi za zamani, na za kukodisha hata leo, zina pedali za kuteleza, yani pedali nzima inaenda mbele na nyuma kwenye reli ukigeuza usukani. Ukisukuma kwa nguvu, pedali inateleza na kayaki inageuka, kwa hiyo mwili wako unajifunza kutosukuma. Miguu inalegea, unabaki unavuta kwa mikono peke yake, na hapo usukani umekugharimu zaidi ya ulichokupa. Pedali za kutafuta ni zile za mtindo wa akseleta: sehemu ya chini inapokaa kisigino na unyayo haisogei kabisa, na juu kuna kibapa kidogo kinachogeuzwa na vidole. Ukiwa na hizo unasukuma kwa nguvu zote na vidole vinafanya kazi yao pembeni. Mtu akiniuliza ana hela kidogo abadilishe nini kwenye kayaki yake, namwambia pedali, kabla hata ya kufikiria kafi ya kaboni.

Halafu kuna wimbi la nyuma. Hapo ndo unaona tofauti ya usukani na usukani. Wimbi likikuinua tezi, omo inazama mbele, kayaki inaanza kukimbia, na kama haikushikwa inageuka inakaa mbavu kwa wimbi, na wengi wanapinduka hapo. Usukani ule wa kuning'inia nyuma kabisa ya tezi, wakati unauhitaji zaidi, unaweza kuwa hewani, manake tezi yote imetoka majini. Ule wa chini ya chombo, uliosogezwa mbele kidogo, unabaki kwenye maji. Lakini wa chini haupandi juu, ukigonga mwamba au mchanga umevunjika, kwa hiyo kwa fukwe zetu za matumbawe na maji yanayopwa mpaka kilometa moja na zaidi, mi bado nachagua wa kuning'inia unaojiinua, ila wenye bapa refu linaloshuka kina cha kutosha, na naukubali udhaifu wake kwenye wimbi la nyuma kwa kutumia kafi. Wazee wa ngalawa hapo mbele mnatikisa vichwa, mnajua kabisa kana, ule mpini wa usukani, ikilegea mkononi maana yake nini.

Na usukani unaharibika, lazima tuseme. Kebo inakatika, hasa pale inapoingia kwenye pedali na pale inapotoka tezini, chumvi inakula, pini inalegea, kamba ya kuinulia inakwama. Skegi nayo, changarawe moja ikiingia kwenye kisanduku wakati unasukuma kutoka ufukweni haishuki tena, ndo maana watu wanatoboa katundu kwenye pezi na kufunga kijikamba ili mwenzako akivute mkiwa majini. Kwa safari ya siku nyingi beba kamba nyembamba ngumu ya kutosha kubadilisha kebo yote, pini za akiba, na kisu. Angalia kebo kwa vidole kila jioni, ukisikia uzi mmoja wa chuma unachoma, badilisha usiku huohuo usisubiri asubuhi.

Ndo maana simkubalii mtu aanze kujifunza kayaki na usukani ukiwa umeshushwa. Aanze umeinuliwa. Ajue kulaza kayaki, ajue pigo pana, ajue kuweka kafi nyuma kama usukani, na ajue kupakia: mzigo mzito ukiusogeza kidogo kuelekea tezi omo inaacha kuukimbilia upepo sana, na hiyo ni bure kabisa haina kebo. Apige na upepo wa ubavuni mpaka azoee. Halafu ndo ashushe usukani, na aone alivyokuwa anafanya kazi mbili kwa pamoja. Usukani ukikatika katikati ya mkondo wa Pemba mtu wa namna hiyo atachoka, ila atafika.

Mambo madogo ya huku kwetu kabla sijamaliza. Ukipita Paje au Jambiani maji yakiwa madogo, inua usukani, zile kamba za mwani za akina mama ziko chini kidogo tu na bapa lako likinasa unang'oa kazi ya mtu ya wiki nyingi. Hivohivo kwenye nyavu. Mwenzako akipinduka, inua usukani kabla hujamsogelea na yeye auinue kabla hajapanda, lile bapa linakata uso. Maji yakitulia kabisa hakuna upepo, inua, huna kazi nalo.

Na kwa wale ambao bado hawajaniamini, na mna haki, msinibishie kwa mdomo, nendeni mkapime. Siku ya kusi la wastani, chagua mstari wa kilometa tatu upepo ukiwa ubavuni, vaa saa yenye GPS na ya kupima mapigo ya moyo. Nenda na rudi usukani ukiwa juu, pumzika vizuri, nenda na rudi ukiwa chini, na jizuie mapigo ya moyo yawe yaleyale mara zote. Angalia muda, na angalia ule mchoro wa njia yako ulivyopinda. Halafu rudia siku nyingine ukianza na usukani chini, ili uchovu usikudanganye. Msipime mita 200 mkaniletea majibu, kwenye mita 200 kila mtu ni bingwa. Kinachotafutwa hapa ni bega lako linasema nini saa ya tano.

Nimeleta kayaki mbili pale kwenye mchanga, moja ina pedali za kuteleza na nyingine za akseleta, njooni mkae ndani msukume kwa miguu yote miwili msikie tofauti. Maji yanaanza kujaa baada ya nusu saa hivi, anayetaka kushuka avae jaketi la kuokolea kwanza. Wenye maswali nianze na mzee pale mwenye kofia, karibu baba.